Jeep 155,494, na ile moja ya Itumbe

Baba mdogo alinipigia simu kutoka Itumbe. Kwa kawaida simu zake huwa za mambo mawili tu, mvua na bonasi ya chai. Mara hii alikuwa na swali ambalo kwake kila mtu anayefanya kazi ya kompyuta lazima awe na jibu lake mfukoni: "Hizi Jeep za Wamarekani zilitengenezwa ngapi?"

Nikamuuliza ni za nini. Akanieleza. Kuna broka alipita bomani akaiona Jeep ya marehemu babu chini ya mparachichi, ile ambayo kuku wamekuwa wakiitagia mayai tangu mimi niko shule ya msingi. Akasema anaweza kuichukua, ila si kwa bei ya maana, kwa sababu "hizi zilitengenezwa zaidi ya laki sita, ziko kila mahali." Bei aliyotaja ilikuwa ya vyuma chakavu, ile ya kupima kwa kilo. Sasa baba mdogo ana binti anayeingia chuo kikuu Septemba, na hiyo Jeep ndiyo karo. Alitaka kujua kama hiyo laki sita ni ya kweli kabla broka hajarudi Jumamosi.

Kazi hiyo ilinichukua jioni nne, na niseme wazi, nimeifurahia kuliko programu nyingi nilizolipwa kuziandika. Ngoja niwaeleze nilivyokwenda.

Kwanza laki sita yenyewe. Broka hakuwa ameitoa hewani. Ziko hesabu mbili za Jeep zinazopita laki sita, na zote ni za kweli. Ya kwanza ni ya Jeep za Vita vya Pili vya Dunia: Willys walitengeneza zaidi ya 360,000 za modeli ya MB, na Ford wakatengeneza karibu 280,000 za modeli yao ya GPW, ambazo ni gari lile lile kwa ramani ile ile. Ukijumlisha unapata laki sita na ushee. Ya pili ni ya Jeep ya kiraia iitwayo CJ-5, iliyotengenezwa tangu 1954 hadi 1983. Hiyo peke yake ni 603,303.

Lakini "Jeep" si modeli. Ni kama kumuuliza mtu amezalisha ng'ombe wangapi, naye akakuhesabia na wa jirani. Baada ya vita Willys waliendelea na za kiraia, na kila moja ina hesabu yake: CJ-2A ya 1945 hadi 1949 ni 214,760. CJ-3A iliyofuata, hadi 1953, ni 131,843. Kisha ikaja CJ-3B, iliyoanza 1953 ikaisha 1968, na hiyo ni 155,494.

Ya babu ni ipi? Nilimwambia binamu yangu anipigie picha kutoka mbele na kutoka ubavuni. Picha ya kwanza ilikuja na kuku watatu, ya pili ikaja vizuri. Boneti yake iko juu sana, imeinuka kama mtu aliyenyanyua mabega, na kati ya boneti na taa kuna bati pana ambalo Jeep za vita hazina. Hiyo ni CJ-3B. Sababu yake ni ya kihandisi, si urembo. Willys walikuwa na injini mpya, Hurricane, ambayo valvu zake za kuingiza hewa ziliwekwa juu kwenye kichwa cha silinda badala ya kukaa ubavuni. Nguvu ikapanda kutoka farasi 60 hivi hadi 75 hivi, lakini injini ikawa ndefu kwenda juu, haikutoshea chini ya boneti ya zamani. Badala ya kuchora gari jipya wakainua boneti. (Sisi watu wa programu tunaijua tabia hii. Unaongeza kitu kimoja, kisha unapasua dari ili kitoshee.)

Basi nikawa na 155,494 mkononi. Ningeweza kumpigia baba mdogo nimwambie broka ametaja hesabu ya gari lingine. Lakini kazi yangu ya kila siku ni databesi, na mtu wa databesi akipewa jumla haridhiki mpaka ajue imetoka kwenye jedwali gani, na kwa sharti gani. Umehesabu nini? Kuanzia lini hadi lini? Kilichotoka kiwandani au kilichouzwa?

Acha nitoe mfano kwa gari ambalo kila mtu analijua, Ford Mustang. Ukitafuta Mustang ngapi zilitengenezwa mwanzoni, utakutana na 418,812, utakutana na 559,451, na utakutana na 680,989. Watu hugombana juu ya namba hizi miaka na miaka, na zote tatu ni sahihi. Ya kwanza ni magari yaliyouzwa katika miezi 12 tangu Mustang ilipozinduliwa tarehe 17 Aprili 1964. Ya tatu ni yote yaliyotengenezwa kama "mwaka wa modeli 1965", ambao kwa Ford ulianza Machi 1964 na ukaendelea hadi kiangazi cha mwaka uliofuata, yaani mwaka wenye miezi kama 17. Ya pili ni hiyo ya tatu ukitoa 121,538 za mwanzo, zile ambazo wapenzi wa Mustang huziita za 1964 na nusu. Na hapo ndipo utamu ulipo: kwa Ford wenyewe hakuna kitu kama 1964 na nusu. Namba za chasisi za magari hayo ya mwanzo zote zinaanza na 5, yaani 1965. Hiyo nusu waliiweka wapenzi wa gari baadaye, kwa kuangalia vifaa vilivyobadilika mnamo Agosti 1964. Wameongeza safu ambayo kwenye jedwali la mwenye kiwanda haipo.

Turudi Itumbe. Swali la kuiuliza 155,494 ni hili: ni za nani? Kwa sababu CJ-3B haikuzaliwa mahali pamoja. Kiwanda chake cha asili ni Toledo, jimbo la Ohio. Lakini ramani ilitolewa kwa leseni. India, Mahindra walianza kuunganisha Jeep za Willys Bombay mwaka 1947, na magari yenye asili ya CJ-3B waliendelea kuyatengeneza hadi 2010. Japani, Mitsubishi walitengeneza ya kwao hadi 1998. Sasa 155,494 ni hesabu inayokoma 1968, na magari yote yaliyoendelea kutoka India na Japani baada ya hapo hayamo. Mtu akiona boneti iliyoinuka kule Mombasa au Kampala, anaweza kuwa anaangalia gari la Toledo la 1953 au la Bombay lililozaliwa miaka 30 baadaye. Kwa umbo ni pacha. Kwa mnunuzi anayetafuta gari la kale la Mmarekani, si pacha hata kidogo.

Usukani wa ya babu uko kushoto. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo kila babu alipotaka kulipita lori, utingo aliyekaa kulia ndiye aliyechungulia na kusema "twende" au "subiri". Baba mdogo alikuwa utingo huyo akiwa na miaka kumi. Hadithi nzuri, lakini si ushahidi. Usukani wa kushoto hauthibitishi Toledo, maana vipande vya kwanza vilivyopelekwa nchi nyingine vilikuwa pia vya usukani wa kushoto. Injini nayo haikusaidia kabisa: Hurricane ilikufa zamani, na iliyomo ni ya Peugeot iliyong'olewa kwenye gari lililopinduka. Fundi aliyeitia alikata, akachomelea, ikaingia, na ikabeba chai na ndizi hadi soko la Ogembo kwa miaka mingi.

Kilichobaki ni bamba. CJ-3B ina kibamba kidogo cha chuma kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Binamu alikwenda na tochi, brashi ya waya na mafuta ya taa. Rangi ilikuwa imepakwa juu yake mara tatu: kijani, bluu, kijani tena. Nilimwambia asitumie msasa kwa sababu maandishi yasingerudi. Baada ya saa nzima akanitumia picha. Jina la kiwanda, Willys Motors, Inc., na Toledo, Ohio. Chini yake namba inayoanza na 454-GB2.

Nilipiga makofi peke yangu chumbani. 4 ni silinda nne. 54 ni mwaka 1954. GB2 ni CJ-3B. Na hata jina la kampuni linasema kitu. Kabla ya Aprili 1953 ilikuwa Willys-Overland Motors. Henry Kaiser akainunua, ikawa Willys Motors, na mwaka 1963 ikageuka kuwa Kaiser Jeep. Kwa hiyo jina peke yake linakupa dirisha la miaka kumi hivi, hata kama namba imeliwa na kutu.

Lakini logibuku ya babu inasema 1958! Baba mdogo alishtuka, akadhani kuna mchezo umechezwa na mzungu wa Sotik aliyemuuzia babu 1963 wakati wa kufungasha. Nikamtuliza. Kila jedwali zuri la databesi lina tarehe mbili: ya siku kitu kilipotokea, na ya siku kilipoingizwa. Bamba ni ya kwanza, logibuku ni ya pili. Gari la 1954 lililosajiliwa hapa 1958 ni gari lililokaa mahali pengine miaka minne. Si dhambi.

Sasa nikaingia kwenye jambo ambalo mwanaprogramu hawezi kuliacha lipite. Kama una namba za chasisi chache tu, unaweza kukisia jumla? Unaweza, na wakati wa vita watu walifanya hivyo hasa. Majeshi ya Washirika walitaka kujua Wajerumani wanatengeneza vifaru vingapi kwa mwezi. Majasusi walisema 1,000 mwezi Juni 1940, na 1,550 mwezi Agosti 1942. Wachumi waliokaa London wakachukua namba zilizogongwa kwenye vifaru vilivyotekwa, hasa kwenye giaboksi, wakapiga hesabu. Wakapata 169 na 327. Baada ya vita kumbukumbu za Wajerumani zilipofunguliwa, jibu lilikuwa 122 na 342. Richard Ruggles na Henry Brodie waliichapisha habari hiyo mwaka 1947.

Hesabu yenyewe ni fupi hadi inatia aibu. Chukua namba kubwa kuliko zote ulizoona, ongeza namba hiyo ikigawanywa kwa idadi ya vitu ulivyoona, kisha toa moja. Umeona vifaru vitano na kikubwa ni namba 60? Sitini, jumlisha 12, toa 1: 71. Kwenye Python ni mstari mmoja.

Kwa Jeep, hata hivyo, kuna mtego. Namba za modeli hii hazikuanzia 1. Zilianzia 10001. Tuseme umeona magari matano na namba kubwa ni 14,000. Ukiitia kwenye hesabu vile ilivyo unapata 16,799. Ukikumbuka kuondoa 10,000 kwanza, unapata 4,799. Magari 12,000 ya ziada ambayo hayakuwahi kutengenezwa na mtu yeyote, na programu haitakulalamikia, itakupa jibu kwa furaha. Halafu kuna mtego wa pili, ambao hauondoki kwa kutoa chochote: hesabu hii inataka sampuli ya bahati nasibu. Vifaru vilitekwa ovyo ovyo. Jeep zilizobaki hazikubaki ovyo ovyo. Zimebaki palipo pakavu, zimebaki kwa watu wasiotupa vitu, zimebaki chini ya miparachichi. Kwa hiyo mstari wangu wa Python nauacha kwa starehe, na kwa CJ-3B nashika hesabu ya kiwanda.

Alhamisi usiku nikampigia baba mdogo, nikamsomea yote. Alisikiliza kwa subira (yeye alikuwa mwalimu) halafu akauliza: "Sawa. Hizo 155,494 ni za siku zilipozaliwa. Zilizokufa umezitoa?"

Sijazitoa. Hakuna anayezitoa. Hesabu ya uzalishaji ni jedwali lisilofutwa mstari hata mmoja. Gari likiwaka moto Nakuru, likitumbukia Mara, likikatwa vipande likawa lango la mtu, 155,494 inabaki palepale. Na mnunuzi, akiwa na akili zake, hanunui uchache wa 1954, ananunua uchache wa leo. Kwa hiyo laki sita ya broka ilikuwa hesabu ya gari lingine, na hata ingekuwa ya gari hili, isingemjibu swali la bei. Baba mdogo alilitoa hilo mwenyewe bila kompyuta.

Ijumaa nikapanda matatu. Mvua ilikuwa imenyesha na kilima cha mwisho tulikipanda kwa miguu, tukimsukuma dereva na matusi yake.

Broka alikuja saa nne asubuhi. Kijana mpole kwa kweli, mwenye viatu vya mjini. Baba mdogo alimkaribisha chai kwanza, akamuuliza habari za kwao, akamwachia amalize kikombe. Kisha akamwekea mezani karatasi moja niliyochapisha: picha ya bamba, mwaka, modeli, hesabu ya modeli hiyo pamoja na miaka yake, na chini yake mstari unaosema wazi kwamba injini si ya asili.

"Lakini mzee," broka akasema, "si hata injini umekubali si yake?"

"Nimekubali. Nimeandika. Wewe ulisema laki sita, uliandika wapi?"

Kijana alicheka, akaomba tochi. Aliinama chini ya boneti muda mrefu. Alipigia mtu simu pembeni, karibu na choo, kwa sauti ya chini, na nilimsikia akisoma 454 mara mbili. Aliporudi hakutaja kilo tena.

Walikubaliana bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu ndugu zangu wengine husoma ukurasa huu :-) Inatosha mwaka wa kwanza wa chuo na mbolea kidogo. Baba mdogo aliweka sharti moja tu: bamba libaki kwenye gari. Broka alitaka alifungue alipeleke kwanza kwa mteja Nairobi "alione". Hapo mimi nilimuunga mkono mzee kwa nguvu. Bamba lililotembea peke yake linaweza kurudi kwenye gari lolote, na gari lisilo na bamba ni mabati yenye hadithi.

Nimefungua jedwali dogo. Safu zake ni saba: modeli, jina la kiwanda kama lilivyo kwenye bamba, herufi na tarakimu za mwanzo (namba kamili naificha), mwaka wa bamba, mwaka wa logibuku, injini iliyomo, na hali: inatembea, imelala, imekatwa. Ni kwa ajili ya Jeep za zamani za Kisii na Nyamira peke yake, eneo dogo ambalo mtu anaweza kulimaliza kwa matatu na pikipiki. Ukiijua moja, piga picha ya bamba kwa mwanga wa ubavuni, asubuhi au jioni, si kwa flashi, maana flashi hula maandishi. Rangi itoe kwa mafuta ya taa na kitambaa, pole pole.

Mstari wa kwanza ni wa Itumbe, hali: inasubiri lori la kuibeba. Wa pili umeingia jana. Fundi mmoja wa Nyansiongo amenitumia picha ya bamba la Mahindra, usukani kulia, inatembea, na anasema kila mtu kwao huiita Willys.